Mguu wa mama na nyapara wa seli

Jana mtoto wa kaka alikuwa anajisomea bayolojia hapa sebuleni, akaniuliza, "Shangazi, hivi ribosomu kazi yake nini?" Nikamjibu zinatengeneza protini, basi nikaishia hapo maana mama alishanijia kichwani.

Mama alikuwa amepandikizwa figo. Ilishakubali, tumeanza hadi kusahau njia ya hospitali, ndo yakatokea madoa ya zambarau mguuni. Kipimo kikasema saratani ya Kaposi, zile dawa za kuzuia mwili usiikatae figo zilikuwa zimeshusha kinga.

Siku hiyo daktari aliuweka mguu wa mama kwenye stuli akawa anabonyeza doa mojamoja kwa kidole gumba, taratibu, mama anamtazama usoni tu. Akasema tunabadilisha dawa, utaanza sirolimasi. Akavuta bahasha ya eksirei akachora seli, ndani vidoti kibao. "Hizi ribosomu, mafundi wa protini. Huyu anaitwa mTOR, ndo nyapara wao. Chakula kikiwepo anawahimiza wajenge, seli ikue, igawanyike. Kwenye saratani nyapara hapumziki. Dawa hii inamtuliza." Akasema imetokana na bakteria wa kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, udongo uliochukuliwa 1964, na kwamba 2009 ilitangazwa panya wazee waliopewa waliishi muda mrefu kuliko wenzao, inadhaniwa seli ikipunguza kujenga inapata nafasi ya kusafisha protini mbovu zinazorundikana uzeeni.

Mama akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, samaki niache?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Kula samaki, mama. Nasema zile protini ambazo seli inajitengenezea yenyewe."

Madoa yakafifia, la kisigino likawa la mwisho, na figo ikabaki salama. Ila vidonda mdomoni vilimtesa, na siku alipojikata kidole akipaa samaki, kidonda kilikataa kufunga, wiki zinapita bendeji iko palepale. Tukaambiwa ni dawa ileile, kidonda nacho kinataka protini mpya na seli mpya ndo kizibe.

Hilo linanisumbua mpaka leo, maana siku hizi kuna watu wazima wa afya wanaimeza wachelewe kuzeeka na hamu yao naielewa kabisa, nani hataki. Kwa mama hesabu ilikuwa wazi. Kwa mtu asiyeumwa bado sijaiona.