Kamera ya khalati haikuwa imekufa

Khalati yangu anakaa Kibokoni, Mombasa, ghorofa ya pili, na magoti yake hayataki tena ngazi. Ndiyo maana alitiwa kamera mlangoni, mtu akibisha amwone kwanza kwenye simu. Lakini tangu fundi aondoke, simu ilitafuta kamera ikaambulia patupu, na khalati akawa anashuka kila hodi, mkono ukutani. Iliniuma.

Jumamosi nilikwenda. Nikafungua orodha ya vifaa kwenye rauta ya juu: simu yake, televisheni, na kimoja kisicho na jina. Kamera hamna.

"Imekufa, mwanangu?"

Taa yake ilikuwa inawaka.

Nyumba za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, waifai ya chini haifiki juu. Fundi akapandisha waya, akaweka rauta ya pili na kuuchomeka kwenye tundu la WAN, lile la kupokea intaneti kutoka nje. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Rauta iliyochomekwa hivyo hujitengenezea mtandao wake: juu anwani za vifaa zilianza na 192.168.0, chini 192.168.1. Programu ya simu huitafuta kamera kwa kupiga mbiu, na mbiu ile haivuki rauta.

Nikashuka na laptopu. Ukiacha laptopu yangu, orodha ya rauta ya chini ilikuwa na kitu kimoja tu, ile rauta ya juu. Vifaa vyote vya juu vimejificha nyuma yake. Na kamera? Bado hamna, ingawa waya wake umechomekwa palepale! Rauta nyingi huorodhesha vifaa vilivyokuja kuomba anwani kwa DHCP, yaani utaratibu wa rauta kuvigawia vifaa anwani. Kamera hii ilitoka kiwandani na anwani yake, haikuomba kwa mtu. Stika ilisema 192.168.1.108. Nikaiandika kwenye kivinjari, ukurasa wa kuingia ukafunguka papo hapo.

Nikaipa rauta ya juu anwani 192.168.1.2, nikazima DHCP yake, nikahamishia waya kwenye tundu la LAN, lile la vifaa vya ndani. Nyumba ikawa mtandao mmoja. Kisha jambo ambalo mafundi wengi huliruka: rauta ya chini ilikuwa inagawa anwani kuanzia 100, kwa hiyo siku moja ingempa mwengine ile 108 na kamera ikapotea tena. Nikaisogeza ianzie 150.

Kile kifaa kisicho na jina kilimtia khalati wasiwasi, akidhani ni mwizi wa intaneti. Ilikuwa simu ya mjukuu wake. Tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu huweza kujibunia anwani ya MAC, ile namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao. Tazama alama ya pili ya anwani hiyo, ikiwa 2, 6, A au E, ni ya kubuni.

Alasiri muuza samaki akapiga hodi. Khalati akamtazama kwenye simu, akafungua dirisha, akateremsha kikapu kwa kamba.