Ile pua iliyokunjika ndio iliyomtoa mjomba mzima

Mwezi uliopita mjomba alimkwepa bodaboda usiku akaingia na IST yake moja kwa moja kwenye ukuta wa zege wa kalavati. Akatoka mwenyewe kwenye gari, shavu limechubuka kwa sababu ya eabegi, bega linauma pale mkanda ulipopita, basi, hakuna kingine. Kesho yake nimefika gereji nakuta watu wameizunguka gari wanasikitika, boneti imesimama kama paa la banda, rejeta imepasuka, taa zote hamna.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umeona? Gari za siku hizi makopo matupu. Ingekuwa ile Datsun ya babu yako pale, ukuta ndio ungevunjika."

Na wote pale wakakubali, ndio kweli, zamani kulikuwa na chuma bwana. Mimi nikaenda upande wa dereva nikavuta kitasa, mlango ukafunguka kwa mkono mmoja, na ukafunga vizuri tu kama siku zote. Nikamwita mjomba aje auone huo mlango kwa sababu majibu yote yalikuwa pale. Mbele gari imeisha, ila kuanzia kwenye dashibodi kurudi nyuma hakuna kilichosogea hata kidogo.

Naandika hii kwa sababu hiyo kauli ya makopo naisikia kila siku na inaniumiza, maana watu wanafanya maamuzi kwa kuifuata.

Hebu tupige hesabu kidogo. Gari ikiwa spidi 50 ikagonga kitu kisichosogea ni sawa na kuidondosha kutoka juu karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu hivi. Hiyo nguvu yote lazima iende mahali. Pua ya gari ikikunjika sentimita 60, mtu wa kilo 70 atakandamizwa kwenye mkanda na uzito wa wastani kama tani 1.1, na jambo zima linaisha ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Inaumiza, lakini mwili unahimili. Sasa chukua gari ngumu ya chuma kinene inayokunjika sentimita 10 tu, mtu yuleyule anakandamizwa na karibu tani 7. Gari itabaki nzuri tu, tatizo ni aliyekaa ndani. Kwa hiyo zile sentimita za kukunjika ndizo zinazoamua mtu anatembea au anabebwa.

Aliyeliona hili mapema ni Béla Barényi, injinia wa Mercedes-Benz mzaliwa wa Austria. Hati miliki yake ilitoka 1952, na wazo lenyewe ni kwamba gari ina sehemu tatu, katikati wanapokaa watu pawe pagumu kabisa, mbele na nyuma pawe laini pakunjike. Likaingia barabarani 1959 kwenye Mercedes ya W111. Ile stika ya GOA mnayoiona kwenye vioo vya Toyota zinazotoka Japani inaongelea mambo hayahaya, Toyota walianza nayo 1995. Na kama bado una mashaka kuhusu chuma cha zamani, mwaka 2009 taasisi ya IIHS ya Marekani, wale wanaopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, ilikuwa inatimiza miaka 50, wakachukua Chevrolet Bel Air ya 1959, ligari kubwa kweli, wakaigonganisha uso kwa uso na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikiwa spidi 64. Ile ya zamani ndio ilikunjika pale kwenye siti ya dereva, usukani ukamfuata kifuani yule mwanasesere wa majaribio aliyekaa badala ya dereva. Malibu mbele iliharibika vibaya ila dereva wake angeumia mguu tu.

Sasa kukunjika nako kuna kukunjika. Chukua kopo tupu la soda lile la bati, lisimamishe wima, likanyage taratibu. Likienda sawa linashuka kwa mikunjo, mkunjo juu ya mkunjo, na unasikia kabisa mguuni kwamba linakubishia mpaka mwisho. Likipinda ubavuni linalala mara moja bila kukubishia chochote. Bati lile lile, uzito ule ule, lakini moja limekula nguvu nyingi na lingine halijafanya kazi. Rudia na kopo jingine, ila kwanza libonyeze kidogo kwa kidole gumba sehemu ya juu, utaona linaanzia kukunjika pale ulipobonyeza, na ile nguvu ya kwanza ya kulianzisha inapungua. Mainjinia wanafanya hivyo hivyo kwenye ile miguu miwili ya chesesi inayoshika bampa. Wanaitengeneza kwa bati jembamba la umbo la sanduku, halafu wanaweka vibonyeo na mikunjo midogo makusudi, ili ikigongwa ianze kukunjika mbele, irudi nyuma kwa mpangilio, isipinde ubavuni.

Hapo ndipo wepesi unapoingia. Ukiongeza kilo kwenye gari umeongeza na nguvu ambayo hiyo gari itabidi iimeze siku ikigonga, halafu mafuta utayalipia kila siku. Kwa hiyo wanapunguza unene na kubadilisha chuma chenyewe. Gari nyingi mpya nguzo za milango zinatumia chuma chenye boroni, kinapashwa moto kupita nyuzi 900 kisha kinabanwa na kupozwa hapohapo ndani ya kalibu, uimara wake unafika megapaskali 1500 (ndicho kipimo cha nguvu ambayo chuma kinahimili kabla hakijakatika), bati la kawaida la bodi halifiki hata robo ya hapo. Wengine wakaenda kwenye alumini ambayo uzito wake ni theluthi ya chuma, Audi A8 ya 1994 bodi nzima, Ford F-150 ya 2015 nayo. BMW i3 walitumia nyuzi za kaboni kwenye sehemu ya kukaa watu. Hayo ya kaboni tuyaache, gereji zetu bado hayajafika.

Kinachofika gereji zetu ni hii IST. Fundi alikuwa ameshafunga mnyororo kwenye nguzo, gesi imewashwa, anataka kuupasha moto ule mguu wa chesesi wa kushoto mpaka uwe mwekundu, auvute unyooke, halafu achomelee kipande cha chuma kinene juu yake "uwe imara kuliko wa kiwandani". Ni fundi mzuri sana, mkono wake naujua. Nikamwomba azime kwanza. Nikamwambia bati hili limeshakunjwa mara moja, likinyooshwa kwa moto linakuwa laini na halitarudia kazi ile, na ukilibebesha chuma kinene halikunjiki kabisa, upande mmoja utakuwa mgumu na mwingine laini, gari ikigonga inapinda. Na kuna eabegi, ile kompyuta yake imepimiwa jinsi pua ya gari hii inavyokunjika, ukibadilisha ugumu wa mbele inaweza kuchelewa kufyatua au isifyatue.

Akanyamaza, akainama akashika mguu wa kulia ambao ulikuwa haujaumia sana. Akapitisha kidole kwenye kile kibonyeo cha kiwandani.

"Kaka, hiki nacho ni cha makusudi?"

"Cha makusudi."

"Mimi hivi huwa navinyoosha. Najua ni bonde la ajali, nanyoosha, napiga puti."

Tulikaa kimya wote. Kosa sio lake, hakuna aliyewahi kumwambia, na gari amezinyoosha nyingi mno na ziko barabarani.

Tukatafuta kipande cha mbele kilichokatwa kwenye gari nyingine ya aina hiyohiyo, kisicho na kutu, na hilo la kutu msilichukulie poa kwa sisi tulio karibu na bahari maana bati jembamba likiliwa na chumvi hakuna cha kukunjika tena. Fundi akatoboa zile nukta za kuchomelea za kiwandani moja moja kwa drili, akatoa miguu ya zamani, akaweka mipya, akapima kwa futi kutoka tundu hadi tundu kwa mshazari mpaka pande zote mbili zikalingana, ndio akachomelea palepale zilipokuwa nukta za mwanzo. Ilichukua siku nne na gharama ilizidi.

Mjomba naye alikuwa ameshalipia ngao, ile ya mabomba, aifunge mbele ili "isirudie tena". Ngao ikifungwa kwenye chesesi ndio inakuwa ya kwanza kugonga, nguvu inaruka vibonyeo vyote na kuingia ndani kama ilivyo, na mtembea kwa miguu akigongwa nayo ndio balaa kabisa. Nikampa ule mguu wa zamani wa kushoto aushike mkononi, ahesabu mikunjo mwenyewe. Akahesabu minne. Akauweka chini ya siti ya abiria na ngao akairudisha dukani.

Fundi yeye alibaki na ule wa kulia, kauning'iniza kwa waya pale anapoweka nyundo zake, na kile kibonyeo amekizungushia chaki nyeupe.