Nilivyopata hobi ya jioni isiyonigharimu kitu

Kwa muda mrefu jioni zangu zilikuwa na saa tatu nne ambazo sikujua nizifanyie nini. Kazi imekwisha, nimeshaoga, nimekula, nyumbani hakuna wa kuzungumza naye, na usingizi bado uko mbali. Simu ndiyo iliyokuwa ikizijaza saa hizo. Unaishika kwa dakika tano, unakuja kuinua kichwa ni saa tano usiku, na ukiulizwa umeona nini huna jibu. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na msiba. Nilikuwa tu na muda mtupu, na muda mtupu ukirudi kila siku unachosha kuliko kazi.

Nikaanza kutafuta hobi, tena kwa masharti. Iwe ya bure au karibu na bure. Iwe ya mtu mmoja, maana zile zinazotaka mwenzi hufa siku mwenzi anapopata udhuru. Na zaidi ya yote isinidai nguvu, kwa kuwa saa ninazozizungumzia ni zile ambazo mwili umeshachoka. Niliowauliza walinishauri mengi: kufuma, kupiga gitaa, kujifunza lugha mpya, kutunza maua. Ni mambo mazuri na nawaheshimu wanaoyafanya. Lakini mengi yanaanza na kununua, na yasiyoanza na kununua yanataka upige hatua kila wiki. Ukiliacha gitaa mwezi mzima vidole vinasahau. Ukiliacha ua wiki mbili linanyauka. Mtu aliyechoka ukimpa kitu kingine cha kukihudumia umemwongezea kazi.

Kwa hiyo nikajua ninachokitafuta hasa: kitu kinachoendelea chenyewe, niwepo nisiwepo, ambacho sehemu yangu ni kukifuata kwa macho tu. Wapo wanaokipata kwa ndege wa mitini, wapo wanaokipata kwa mawingu. Mimi nilikipata kwenye anga la usiku.

Kilichonivuta mwanzoni ni nukta moja ya mwanga upande wa magharibi, iliyokuwa ikijitokeza kabla giza halijaingia vizuri. Iling'aa kiasi kwamba nilidhani ni taa ya ndege inayokuja kutua. Haikutua. Kesho yake ilikuwa pale pale, na keshokutwa. Ilikuwa Zuhura, sayari inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Kwa kuwa njia yake iko ndani ya njia ya dunia yetu, kwa macho yetu haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47 hivi, ndiyo maana unaiona jioni magharibi au alfajiri mashariki, na usiku wa manane huioni juu ya kichwa. Niliifuata kwa wiki kadhaa. Ilipanda, ikasimama, kisha ikaanza kushuka kuelekea jua hadi ikapotelea kwenye mwanga wa machweo. Baadaye nikaikuta upande wa pili, kabla jua halijachomoza. Hakuna aliyenituma kuifuata, wala hakuna mtihani niliokuwa najiandaa nao, na bado nilikuwa nasubiri jioni ifike.

Kipimo changu ni mkono. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi: upana wa ngumi hiyo angani ni kama nyuzi 10. Kidole kidogo ni kama nyuzi 1. Kinamfaa mtoto na mtu mzima pia, kwa sababu mwenye mkono mfupi kwa kawaida ana ngumi ndogo. Kwa kipimo hiki nilianza na mwezi, na nadhani kila anayeanza aanze hapo, kwa kuwa mwezi unaonekana hata mjini penye taa nyingi. Chagua mahali pamoja pa kusimama, dirishani au mlangoni. Tazama mwezi uko wapi ukilinganisha na nyota angavu iliyo karibu nao. Kesho saa ile ile tazama tena. Utakuta umehama kuelekea mashariki kwa zaidi ya ngumi moja. Ndiyo sababu kila siku mwezi huchelewa kuchomoza, kwa wastani dakika 50 hivi. Jambo hili nilikuwa nimelisoma shuleni na kulijibu kwenye mitihani, lakini kuliona kwa jicho langu, ngumi kwa ngumi, ni kitu kingine kabisa.

Mwezi mwandamo nao una jambo la kutazamwa kwa utulivu. Siku ya pili au ya tatu baada ya kuandama, ule ukingo mwembamba unang'aa, lakini ukikaza macho utaona na sehemu iliyobaki ya duara, imefifia, ya rangi ya majivu. Ile sehemu haipati mwanga wa jua moja kwa moja. Inamulikwa na dunia: jua linaipiga dunia, dunia inaurudisha mwanga mwezini, na mwezi unaturudishia. Leonardo da Vinci aliieleza sababu hii zaidi ya miaka 500 iliyopita, na tangu niijue siwezi kuupita mwezi mwandamo bila kusimama.

Baada ya mwezi nikaingia kwenye nyota zenyewe. Sikujaribu kuyakariri makundinyota yote 88 yanayotambuliwa na wanaastronomia. Nilichukua moja tu, Jabari, ambalo wengine huliita Orioni, kwa sababu linakaa juu ya ikweta ya anga, yaani ule mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, na hivyo linaonekana karibu kila mahali watu wanapoishi, jioni za Desemba hadi Machi. Nyota tatu zimejipanga mstari mmoja, huo ndio mkanda wake. Upande mmoja wa mkanda kuna Betelgeuse, upande wa pili Rigel. Nilizitazama siku nyingi kabla sijagundua kwamba hazifanani rangi: Betelgeuse ina wekundu wa kaa la moto, Rigel ni nyeupe yenye ubuluu. Rangi hiyo ni joto la uso wa nyota. Nyekundu ni ya baridi zaidi, ya buluu ni ya moto zaidi. Tangu hapo sikuziona tena nyota kuwa nyeupe zote.

Ukiufuata mstari wa mkanda upande mmoja unafika Sirius, nyota inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, ambayo mwanga wake unachukua kama miaka 8.6 kutufikia. Ukiufuata upande wa pili unapita karibu na nyota iitwayo Aldebaran, kisha unafika kundi la Kilimia. Watu wengi huhesabu nyota sita pale. Mwenye macho makali na giza zuri huhesabu zaidi. Kwa hiyo kwa kundi moja tu nilikuwa nimeshapata ramani ya eneo kubwa la anga, bila kununua ramani.

Na anga halitulii. Kila siku nyota ile ile huchomoza mapema kwa dakika 4 hivi kuliko jana yake. Hazionekani nyingi, lakini baada ya mwezi ni saa mbili nzima. Jabari niliyemwona mashariki mwanzo wa usiku, miezi mitatu baadaye nilimkuta katikati ya anga saa ile ile, halafu akaelekea magharibi na kupotea. Nafasi yake akaja Nge mwenye moyo mwekundu, Antares, ambaye jioni zake nzuri ni za Juni hadi Agosti.

Kilichonishika kabisa ni Mshtarii. Mwishoni mwa mwaka 2024 sayari hii ilikuwa katika kundinyota la Ng'ombe, na ilikuwa rahisi kuitambua: ilizidi kila nyota jirani kwa mng'aro, na haikumetameta kama zinavyometameta nyota. Nyota ziko mbali mno kiasi kwamba kwetu ni nukta tupu, na hewa inautikisa mwanga wao. Sayari ina upana kidogo, kwa hiyo mwanga wake hutulia. Oktoba, kutoka Mshtarii hadi Aldebaran palikuwa na umbali wa zaidi kidogo ya ngumi moja. Nilichora daftarini: doti kubwa, doti ndogo, tarehe. Wiki moja, hakuna kitu. Wiki ya pili nikahisi doti zimekaribiana, lakini sikuwa na hakika. Kufikia Desemba hapakuwa na shaka tena, na mwanzoni mwa Februari 2025 Mshtarii ilikuwa imesogea hadi nusu ngumi tu kutoka Aldebaran. Kisha ikasimama, ikageuka, ikaanza kurudi ilikotoka.

Sayari haikugeuka kweli. Dunia yetu inalizunguka jua kwa kasi kuliko Mshtarii, na wakati tunapoipita, sayari ile huonekana kana kwamba inarudi nyuma, kama gari unalolipita barabarani, hadi tukishaiacha ndipo huonekana kwenda mbele tena. Maelezo haya ni mafupi, yanaenea kwenye sentensi moja. Lakini nilikuwa nimeliona jambo lenyewe likitokea kwa miezi, kwa macho matupu na daftari, na mkono wangu ukiwa ndio chombo cha kupimia. Sijui burudani nyingine ya bei hiyo inayoweza kumpa mtu hivyo.

Kuhusu daftari: usiligeuze kuwa kazi. Mimi huandika mstari mmoja, tarehe, saa, nilichoona, na mchoro wa doti kama kuna haja. Siku nisiyotoka siandiki na sijilaumu. Hii ndiyo tofauti ninayoipenda kuliko zote. Nikikosa wiki nzima nikirudi nakuta anga limeendelea, na kule kukosekana kwangu kunakuwa sehemu ya kinachovutia, kwa sababu mabadiliko yanakuwa makubwa zaidi.

Mambo mawili yanafaa kujulikana mapema, kwani yanamkatisha mtu tamaa bila sababu. La kwanza ni giza la macho. Ukitoka chumba chenye taa utaona nyota chache, utasema hapa hapana kitu, utarudi ndani. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na ukiwasha simu mara moja tu sehemu kubwa ya mazoea hayo inapotea. Mimi simu naiacha ndani. Zipo programu nzuri za kutaja nyota, nami huzitumia kabla ya kutoka au baada ya kurudi, si nikiwa nje. La pili ni kutazama kwa pembeni. Kitu hafifu ukikikodolea moja kwa moja kinatoweka, kwa sababu katikati ya jicho kuna chembe zinazopenda mwanga mwingi, na zile za gizani ziko pembeni. Elekeza jicho kando kidogo, nacho kitajitokeza.

Kwa njia hiyo ya pembeni nilikiona kijiwingu cha Andromeda, mbali na taa, usiku usio na mwezi. Ni doa dogo la ukungu, si zaidi ya hapo. Mwanaastronomia Abd al-Rahman al-Sufi alikielezea mwaka 964 kwa macho matupu vilevile, na leo tunajua ni galaksi nzima, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, ambayo mwanga wake unachukua kama miaka milioni 2.5 kutufikia. Nilisimama pale hadi shingo ikauma.

Wanaoishi katikati ya taa huniambia kwao hakuna nyota. Ni kweli mengi yanafunikwa, na Andromeda hamtaiona. Lakini mwezi, Zuhura, Mshtarii, Zohali, Mirihi na nyota angavu zinapenya taa za mji wowote, na karibu kila nilichokieleza hapa kinahitaji hivyo tu. Kituo cha Kimataifa cha Anga nacho kinaonekana mjini: nukta angavu isiyopepesa, inayovuka anga kwa dakika chache muda mfupi baada ya machweo au kabla ya macheo, ikizunguka dunia kila dakika 90 hivi kwa kimo cha kama kilomita 400. Ndani yake kumekuwa na watu bila kukatika tangu Novemba 2000. Kwa mtu anayekaa peke yake jioni, kujua kwamba ile nukta ina watu ndani inafurahisha kwa namna yake.

Na mara mojamoja hutokea la ajabu. Mwishoni mwa 2019 hadi mapema 2020 Betelgeuse ilififia kiasi ambacho hata asiye na chombo aliweza kuitambua, kisha ikarudi. Wataalamu walieleza baadaye kwamba ni vumbi lililotokana na nyota yenyewe ndilo lililoukinga mwanga wake. Aliyekuwa ameizoea nyota ile ndiye aliyeona. Mimi wakati huo nilikuwa sijaanza, na ndiyo sababu sasa kila msimu wa Jabari huanza kwa kuilinganisha na jirani zake.

Darubini usiikimbilie. Kaa na macho matupu angalau mpaka uwe unaijua njia ya kwenda kwenye vitu vichache bila kuuliza. Ikitokea mtu akakuazima ile ya macho mawili, ya kawaida tu ya kutazamia ndege, usiielekeze kwenye jua hata kwa sekunde moja, maana itakuharibu macho. Ielekeze Mshtarii. Kando yake, kwenye mstari karibu ulionyooka, utaona vidoti hadi vinne. Ndiyo miezi ambayo Galileo Galilei aliiona Januari 1610, na kesho yake itakuwa imebadilishana nafasi. Egemeza viwiko ukutani au kwenye kitu imara, la sivyo picha itatetemeka na hutaiona.