Mwanangu hakupakwa wanja wa manga

Kwetu Mombasa mtoto mchanga hupakwa wanja machoni na kwenye nyusi ili apendeze na asipatwe na kijicho. Wangu hakupakwa, na kazi ilikuwa kumwelewesha mavyaa, maana wanja ule alirudi nao Hija na alikuwa amemwekea mjukuu.

Mambo haya nilianza kuyafuatilia mimba ilipofika miezi sita, nilipopimwa nikaambiwa nina kisukari cha mimba. Nesi wa kliniki alinieleza kuwa sukari ya mama ikizidi humfikia mtoto tumboni, na mtoto huyo akikua huwa karibu zaidi na unene na kisukari. Mahamri ya asubuhi nikayaacha. Mbaazi za nazi sikuziacha, nikazila kwa chai ya mkandaa bila sukari, na jioni nikitembea ufukweni Mama Ngina.

Nesi huyo huyo ndiye aliyeniuliza kama nyumbani tunatumia wanja. Wanja mwingi wa manga husagwa kutokana na jiwe la galena, na galena ni madini ya risasi, metali yenye sumu. Mtoto hupikicha macho kisha akatia vidole mdomoni. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Mwili uliopungukiwa na chuma na kalsiamu huinyonya zaidi, ndiyo maana nilikazania dagaa wa kuliwa na miiba yao, na mchicha wa kukamuliwa ndimu.

Mavyaa akaniambia, "Mwanangu, sisi sote tulipakwa, na macho tunayo."

Nikamjibu, "Mama, si macho ninayoyahofia, ni akili." Nikamkumbusha Owino Uhuru, kule Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kilivyowatia watoto sumu ya risasi. Mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikauthibitisha uamuzi huo 2024. Habari hiyo aliijua vizuri. Asichokijua ni kwamba risasi ndiyo hiyo hiyo. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi tutamsomea Ayatul Kursi." Akamsomea aya hiyo ya Kurani ya kinga, tena kila jioni.

Sasa wifi yangu ana mimba, na mavyaa mwenyewe ndiye aliyemkataza wanja. Mimi sukari ilishuka nilipojifungua, lakini bado naenda kupimwa, kwa sababu aliyewahi kupata kisukari cha mimba huweza kupata kile cha kudumu hata miaka mingi baadaye.