Mama yule alisema nini?

Jumapili usiku

Wiki nzima nimekuwa nikirudi kwenye mhadhara mmoja wa mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre, ule alioutoa Paris tarehe 29 Oktoba 1945, miezi michache tu baada ya vita kumalizika Ulaya. Ni mfupi na unasomeka, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu kitabu chake kikubwa cha 1943. Kile kina kurasa zaidi ya 700, na kila nikikutana na mtu anayedai amekimaliza huwa namtazama mara mbili.

Hoja ya mhadhara ni hii. Kisu cha kukatia karatasi kilikuwa wazo kichwani mwa fundi kabla hakijawa kisu. Kazi yake ilijulikana hata kabla hakijatengenezwa. Binadamu si hivyo. Hakuna aliyemchora kwanza. Anajikuta yupo, halafu anayoyatenda ndiyo yanayomfanya awe huyu na si yule. Mwoga hakuzaliwa mwoga. Ni mwoga kwa aliyoyafanya, na kesho anaweza kufanya mengine. Basi mtu hana ruhusa ya kusingizia damu, malezi wala hasira za ghafla. Tumehukumiwa kuwa huru, asema Sartre: hatukujiumba, lakini tukishatupwa duniani kila tulifanyalo liko juu yetu.

Nilipoyasoma haya ujanani yalinipa nguvu za ajabu. Siku hizi yananipa nguvu kidogo na maswali mengi, na maswali yote yanatoka kwenye kisa kimoja alichokisimulia katikati ya mhadhara.

Wakati Ufaransa iko chini ya Wajerumani, mwanafunzi wake mmoja alimwendea kumwomba ushauri. Kaka yake mkubwa aliuawa katika mashambulizi ya 1940. Baba yake alikuwa amekosana na mama yake, na tena alielekea kushirikiana na adui. Mama alibaki na kijana huyu peke yake, naye ndiye aliyekuwa faraja yake yote. Kijana alitaka kwenda Uingereza kujiunga na jeshi la Wafaransa Huru, alipize kisasi cha kaka yake. Akienda, mama atavunjika. Akibaki, ataishi akijua kwamba wenzake wanapigana. Afanyeje?

Sartre anaonyesha kwamba hakuna kanuni inayoweza kumjibu. Dini inamwambia ampende jirani, lakini jirani ni yupi, mama au mpiganaji? Mwanafalsafa Kant anamwambia asimtumie mtu yeyote kama chombo tu. Haya, akibaki na mama atawafanya wapiganaji chombo, akienda atamfanya mama chombo. Moyo nao haumsaidii, maana utajuaje unampenda mama yako kiasi cha kubaki, kama si kwa kubaki kwenyewe? Hata kuomba ushauri ni njia ya kujiamulia kisirisiri: anayekwenda kwa padri fulani huwa anajua takriban padri huyo atasema nini. Mwishoni akamjibu: uko huru, basi chagua, yaani buni.

Kwa miaka mingi niliona jibu hilo ni la kishujaa. Jana nikamsimulia mama yangu kisa chenyewe kwenye simu, kwa kuwa aliniuliza ninasoma nini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

“Sasa huyo mama mwenyewe alisemaje?”

“Hakuulizwa, mama.”

“Yaani wamekaa wawili, mwanawe na mwalimu, wanampima kama mzigo, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza?”

Akahamia mambo mengine. Mimi sijahama.

Nimeusoma mhadhara tena kwa ajili ya swali hilo tu, na ni kweli, mama yule hasemi neno. Tunajua huzuni yake, tunajua aliyefiwa naye ni mwanawe wa kwanza, tunajua atakavyoumia. Lakini haya yote tunayajua kutoka kwa mwanawe. Yeye ni uzito upande mmoja wa mizani. Katika mafundisho yanayosema kila binadamu ni huru bila kisingizio, kuna binadamu mmoja ambaye uhuru wake haukumjia mtu yeyote akilini. Labda angesema “nenda.” Labda angesema “usiniache.” Labda naye alikuwa na mipango yake ambayo mwanawe hakuwahi kuiwaza. Mama wa watu wazima huwa na maisha ambayo watoto wake wanayasikia nusu nusu.

Mwanafalsafa Martin Buber angeliona hili mara moja. Katika kitabu chake kidogo cha 1923 alisema mtu ana namna mbili za kusimama mbele ya ulimwengu. Moja ni Mimi na Kile: ninakitazama, ninakipima, ninakitumia, ninakieleza. Nyingine ni Mimi na Wewe: nimekuelekea mzima, nawe una uwezo wa kunijibu na kunibadilisha. Kosa ni kudhani kwamba Kile ni vitu na Wewe ni watu. La, mtu anaweza kumfanya hata anayempenda sana kuwa Kile, tena bila nia mbaya, pale anapoacha kumsemesha na kuanza kumjadili. Kijana wa Sartre alimpenda mama yake. Hilo halina shaka. Alimpenda kama Kile.

Buber mwenyewe aliachwa na mama yake akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, akalelewa na babu na bibi huko Lemberg, mji ambao leo ni Lviv nchini Ukraine. Wazee hao hawakuligusa jambo hilo mbele ya mtoto. Aliyemwambia kwamba mama hatarudi alikuwa msichana mmoja aliyekuwa akimtunza, wakiwa wawili tu barazani. Uzeeni aliandika kwamba yote aliyojifunza baadaye kuhusu kukutana kwa kweli na mtu yalianzia saa ile. Ninaposoma maneno yake makavu ya Mimi na Wewe huwa ninamfikiria mtoto yule anayezungukwa na watu wema wasiomsemesha.

Sartre hakuwa mjinga wa mahusiano, lazima niseme. Aliyachambua vikali kuliko wengi. Ana mfano wa mtu anayechungulia kwenye tundu la funguo: yuko peke yake, amezama katika anachokitazama, hajioni kuwa chochote. Ghafla anasikia hatua nyuma yake. Papo hapo anakuwa kitu, mchunguliaji, machoni pa mwingine. Kwake jicho la mwenzangu linaninyang'anya ulimwengu, nami napambana kuunyakua tena. Ile kauli yake kwamba jehanamu ni watu wengine, iliyomo kwenye tamthilia yake ya 1944, watu huitumia kama utani baada ya kikao kirefu. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakumaanisha kila uhusiano ni jehanamu, bali uhusiano ukiharibika ndipo mwenzako anapokuwa jehanamu yako, kwa sababu tunajijua kupitia wengine. Ufafanuzi mzuri. Lakini angalia kwamba katika mifano yake watu wanatazamana sana na kusemeshana kidogo.

Aliyelirekebisha hilo kutoka ndani ya nyumba hiyo hiyo ni Simone de Beauvoir, mwanafalsafa na mwenza wa Sartre. Mwaka 1947 alitoa kitabu cha maadili ambacho kwa maoni yangu kinastahili kusomwa kabla ya mhadhara wa Sartre, wala si baada yake kama nyongeza ya mke. (Hawakuoana. Bado watu humweka hapo.) Hoja yake ni kwamba siwezi kuutaka uhuru wangu kwa dhati bila kuutaka na wa wengine, kwa kuwa ninayoyafanya hupata maana pale yanapopokelewa na watu ambao nao wako huru kuyaendeleza au kuyakataa. Tena akaongeza jambo ambalo Sartre wa 1943 alilipita haraka: hatuanzi wote mahali pamoja. Wako watu ambao hali yao imebanwa kiasi kwamba hata kuwaza kwamba mambo yangeweza kuwa mengine hawajaruhusiwa. Miaka miwili baadaye akaandika kuhusu wanawake, na kuonyesha jinsi mwanamke anavyofanywa awe yule mwingine ambaye mwanamume anajipimia kwake. Hapo ndipo mama wa kijana anapata jina la hali yake. Kimya chake hakikuwa bahati mbaya ya msimulizi.

Hata hivyo maisha ya wawili hao yananizuia kuwashangilia kupita kiasi. Walikutana 1929 wakijiandaa kwa mtihani mgumu wa falsafa, Sartre akawa wa kwanza na Beauvoir wa pili, wakakubaliana kuwa pamoja bila kumfunga yeyote na bila kufichana kitu. Wawili hao walikubaliana, ndiyo. Vijana walioingia katikati ya makubaliano hayo, baadhi yao wanafunzi wao, hawakuwa wameulizwa masharti. Kumbe hata wanaofundisha uhuru wa kila mtu wanaweza kuwa na orodha ya watu wanaojadiliwa.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameshaniandalia jibu: mtu ni watu. Au kwa maneno ya John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, katika kitabu chake cha 1969, nipo kwa sababu tupo, na kwa kuwa tupo, basi nipo. Kwa upande huu kijana wa Paris anashangaza tangu mwanzo, akitafuta kwa mwalimu kile ambacho angekitafuta kwa wazee wake. Nalipenda jibu hili, na kwa sababu nalipenda nalitilia shaka. Hiyo “tupo” inasemwa na nani? Nimeona vikao vya ukoo ambamo watu kumi walizungumza juu ya mama mmoja aliyekuwa chumba cha pili. Upweke wa Sartre haumuulizi mama, na wingi wetu nao mara nyingi haumuulizi. Unamheshimu, unamwamkia, unamkalisha kwenye kiti kizuri, kisha unamwamulia.

Wanafalsafa wa Afrika wameugombania mfupa huu vizuri kuliko tunavyodhani. Ifeanyi Menkiti wa Nigeria aliandika mwaka 1984 kwamba utu ni kitu mtu anachokifikia ndani ya jumuiya, na kwamba anaweza hata kushindwa kukifikia. Kwame Gyekye wa Ghana akakataa kwenda mbali hivyo: jumuiya inamlea mtu, lakini haimmezi, anabaki na akili yake na haki ya kuhoji desturi iliyomlea. Mimi niko na Gyekye. Menkiti ananieleza vizuri namna tunavyokuwa watu, lakini sioni kwake nafasi ya kutosha kwa mama anayesema “sitaki” mbele ya kikao kizima.

Mwanafalsafa Hannah Arendt amenisaidia kutoka hapa. Kitabu chake cha 1958 kinauweka uhuru mahali tofauti na moyo wa mtu aliyejifungia kuchagua. Anauweka katikati ya watu wanaotenda na kusema mbele ya wenzao. Ukitenda katikati ya watu, asema, kuna mambo mawili hutayakwepa: huwezi kurudisha ulichofanya, na huwezi kujua kitafika wapi. Dawa ya la kwanza ni msamaha, ya pili ni ahadi. Na zote mbili hazifanyiki peke yako. Msamaha unaojipa mwenyewe na ahadi unayojitolea mwenyewe hazina mashiko, kwa kuwa hakuna wa kuzishika mbele yako. Kijana angemwendea mama yake angeweza kumwahidi kitu: atarudi, atatafuta njia ya kumpa habari, hatamfanya kaka yake kisingizio. Mama naye angeweza kumsamehe mapema. Hayo yasingempunguzia uhuru. Bado angelazimika kuamua mwenyewe, ila angekuwa na mtu wa kumjibu kwa uamuzi huo.

Rafiki yangu mmoja, ambaye amefundisha falsafa kuliko mimi nilivyoisoma, anasema namwonea Sartre. Kisa kilitolewa kwa lengo finyu, kuonyesha kwamba hakuna kitabu cha maadili kitakachokuamulia, na kwa lengo hilo kimefaulu. Tena, anasema, hata mama angeulizwa, kijana bado angebaki na mzigo wa kuamua alipe uzito gani jibu lake. Yote mawili nayakubali. Ninachokataa ni kwamba tofauti ni ndogo. Kupima huzuni ya mtu uliyoidhania kichwani ni kazi moja. Kusimama mbele ya mtu aliyekwambia “nenda” huku mikono ikimtetemeka ni kazi nyingine kabisa, na hiyo ya pili ndiyo maisha yanayotupa mara nyingi.

Halafu kuna jambo ambalo rafiki huyo alilitaja kama utani na mimi nikalishika. Sartre alifiwa na baba yake akiwa mchanga, akalelewa na mama na wazazi wa mama. Baba yake wa kambo alifariki Januari 1945. Mwaka 1946, mwaka mmoja tu baada ya mhadhara ule, mwanafalsafa huyu wa uhuru, aliyezoea kuishi hotelini, alihamia nyumba moja na mama yake katika mtaa wa Bonaparte, wakaishi pamoja miaka mingi. Ningependa kujua ni nani kati yao aliyelianzisha wazo hilo.