Ng'ombe alivyoikataa kaliandra yangu

Kihamba changu, shamba la nyumbani la Kichagga, kiko Kibosho, juu ya Moshi. Pumba zilipopanda bei nikapanda kaliandra mpakani, ule mti mdogo wa jamii ya mikunde wenye maua mekundu kama brashi ya kunyolea. Asili yake ni Amerika ya Kati. Mwaka ulipopita nikavuna. Ng'ombe akanusa, akapiga chafya, akageukia mgomba. Nusura niing'oe yote.

Kumbe kosa langu! Nilikuwa nakata asubuhi, nalisha jioni. Mzee jirani akayapekecha yale majani yaliyolegea, akacheka: "Mwanangu, haya hulishwa mabichi." Kaliandra ina tanini nyingi, ule ukakasi wa majani, na ikinyauka humeng'enywa kwa shida zaidi.

Siku hizi nakata dakika chache kabla ya kulisha, nachanganya na majani ya tembo. Nilianza na konzi moja tu, nikaongeza polepole. Wiki ya pili alikuwa ananingoja mlangoni. Kilo 3 mbichi hukadiriwa kufanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Nakatia usawa wa kiuno, mti uchipue tena. Maua machache nawaachia nyuki.