Kwenda Méharicourt kwa Mynarski

Ukitoka Amiens kwa gari kuelekea mashariki, barabara imenyooka hadi Villers-Bretonneux, haina hata kona ya kukuamsha. Baada ya hapo unakata kusini na kuingia tambarare ya Santerre: viazi, ngano, viazisukari, na mitambo ya upepo inayozunguka taratibu. Kila baada ya kilomita chache kuna kibao cha kijani kinachoelekeza makaburi ya vita. Mengi ni ya Vita ya Kwanza ya Dunia, maana huku ndiko Somme, palipopiganwa moja ya mapigano makubwa ya vita hiyo. Shemeji yangu, aliyekuwa kwenye usukani, anaishi Amiens na ameshavizoea vibao hivyo hata havioni.

"Makaburi yote haya, shemeji, na wewe unataka la mtu mmoja tu?"

Nilimtaka Andrew Mynarski. Alizaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1916, mtoto wa wahamiaji kutoka Poland. Baba alifariki yeye akiwa na miaka 16, ikabidi aingie kwenye kazi ya kukata ngozi ili nyumbani wapate kula. Mwaka 1941 akajiunga na jeshi la anga la Kanada, na kufikia Juni 1944 alikuwa Middleton St George, kaskazini mwa Uingereza, katika skwadroni ya 419. Kazi yake ilikuwa kukaa na bunduki juu ya mgongo wa ndege ya mabomu aina ya Lancaster.

Lancaster ilibeba watu 7. Mkiani kabisa alikaa mpiga bunduki mwingine, Pat Brophy, rafiki yake mkubwa, ndani ya kibanda cha vioo kilichozungushwa kwa haidroliki, yaani kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa kwenye mabomba. Kibanda chenyewe ni kidogo mno, hata parachuti haiingii. Ilitundikwa nje yake, ndani ya mwili wa ndege. Likitokea la kutokea, unafungua mlango ulio mgongoni pako, unaichukua parachuti na kuifunga kifuani, halafu unakizungusha kibanda mpaka mlango utazame nje, unajiachia kinyumenyume. Brophy alikwama kwenye kule kuzungusha.

Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni, wiki moja tu tangu majeshi yatue Normandy. Walitumwa kupiga reli za Cambrai ili Wajerumani wasipitishe askari wala silaha. Ndege ya Kijerumani ya Ju 88 ikawakuta. Injini mbili za kushoto zikaharibiwa, na mafuta ya haidroliki yakashika moto katikati ya Mynarski na Brophy. Rubani akaamuru wote waruke. Mynarski alikuwa ameshaukaribia mlango alipogeuka akamwona mwenzake amenaswa. Kibanda hakizunguki, na hata mpini wa kukizungusha kwa mkono ulikuwa umekatika.

Akarudi. Akatambaa ndani ya moto, akapiga kwa shoka, akavuta kwa mikono mitupu, nguo na parachuti vikiwaka. Brophy akampungia mkono: nenda! Hapakuwa na nafasi ya kugeuka, kwa hiyo akarudi nyuma kwa magoti huku wanatazamana. Mlangoni akasimama wima, akapiga saluti. Brophy alisimulia baadaye kwamba midomo yake ilionekana kutamka maneno waliyozoea kuagana nayo kambini: "Usiku mwema, afande." Kisha akaruka. Watu wa huko walimwona akishuka angali anawaka. Aliungua vibaya, akafa. Alikuwa na miaka 27.

Méharicourt ni kijiji kidogo, na amelazwa kwenye makaburi ya wanakijiji wenyewe. Unapita kwanza makaburi ya ukoo ya mawe meusi yenye maua ya kauri, ndipo unafika kwenye mawe meupe ya wanaanga. Lake lina jani la maple la Kanada na msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Mtu alikuwa ameacha bendera ndogo ya Kanada, imepauka kwa jua. Shemeji alipita akisoma umri kwenye mawe ya jirani, akasonya.

"Na yule rafiki yake je?"

Nikamwambia. Ndege ilijitua yenyewe shambani karibu na Gaudiempré, mabomu yakiwa bado ndani. Ilipogonga mti, kibanda kikang'oka na kumtupa Brophy nje, mzima. Wenzao wengine watano nao walipona.

"Yaani aliyerudi kuokoa ndiye aliyekufa?"

"Peke yake."

Nishani ilitolewa Oktoba 1946, kwa sababu Brophy alikuwa hai wa kusimulia. Kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, alichopigania, kilipoteza watu 55,573 kati ya takriban 125,000, na ndege nyingi hazikuacha shahidi hata mmoja. Sisahau na waliokuwa chini: Hamburg iliungua mwaka 1943, Dresden mwaka 1945, raia kwa makumi ya maelfu. Ubishi juu ya hilo haujaisha, na mnara mkubwa wa wanaanga wa kikosi hicho jijini London haukuzinduliwa hadi 2012.

Tulipokuwa tunarudi kwenye gari shemeji akasema mdogo wake babu yake alikwenda Burma na KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), hakurudi. Mwaka uleule wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa inapita bonde la Kabaw, hukohuko Burma, kwenye matope na malaria. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ileile inayotunza mawe ya Méharicourt, ina orodha ya waliokufa huko pia, nami nikaifungua kwenye simu. Tukaandika jina. Yakaja kadhaa yanayofanana, na hakuna lililotuonyesha kwao ni wapi.

Shemeji akapiga simu Songea. "Shikamoo, baba mdogo." Wakaongea kirefu. Kumbe jina tulilokuwa tunatafuta ni la nyumbani. Jeshini aliandikishwa kwa lingine, na anayelijua ni shangazi yao. Tukampigia shangazi, hakupatikana. Shemeji akawasha gari, akasema atajaribu tena usiku, bibi huyo huwa anaizima simu ili chaji isiishe.